Kuvuta tani mbili si kubeba baiskeli nne

"Fundi, hiki chuma kinavuta tani mbili. Baiskeli nne ni kitu gani?"

Neno hili nimelisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mwenye Forester anayetaka kufunga keria ya baiskeli kwenye chuma cha kuvutia trela, aliyekuwa akikipiga chuma hicho mateke ili nione kilivyo imara. Nilimjibu kwa upole. Kwa atakayefuata sina hakika, ndiyo maana naandika.

Kuvuta ni kazi moja na kubeba ni kazi nyingine. Trela lina magurudumu yake, uzito wake mwingi uko barabarani, na unaokalia gololi, lile tufe la chuma ambalo trela hulikamata, ni sehemu ndogo tu. Keria haina pa kukanyaga. Kila kilo yake inaning'inia kwenye chuma. Kwa hiyo tarakimu unayoitafuta ni ya mzigo wa kushuka chini, nayo ni ndogo sana kuliko ile unayojivunia. Kwenye chuma kilichotoka Ulaya kuna kibati chenye herufi D na S. D ni ya kuvuta, achana nayo. S ndiyo yako, imeandikwa kwa kilo, na kwenye magari ya kawaida ya familia 75 si ajabu. Wamarekani wao wana madaraja: la kwanza, lenye soketi (tundu la mraba la kuchomekea mkono wa keria) ya inchi 1¼, linavuta hadi pauni 2,000 na kubeba 200, la pili 3,500 na 350. Sehemu moja ya kumi. Kwa Ulaya mara nyingi hata hiyo huifikii.

Piga hesabu. Keria ya kusimamisha baiskeli nne, zile pana za Kimarekani, inakaribia kilo 40 ikiwa tupu. Baiskeli ya milimani tuseme kilo 14, nne ni 56. Jumla 96, na kibati kinasema 75. Ukiwa na baiskeli za umeme mambo ni mabaya zaidi: mbili za kilo 25 kila moja, juu ya keria ya kilo 23, ni 73. Umekijaza kibati kwa baiskeli mbili tu.

Hapo wengi wananielewa. Ubishi unaanza hapa panapofuata.

Kiungo cha trela kinazunguka juu ya gololi. Trela likiinua pua au likiinamisha, gololi inasikia uzito, haisikii msokoto. Keria haizunguki. Umeichomeka, umepiga pini, umekaza, sasa imekuwa kitu kimoja na chuma. Baiskeli ya kwanza iko sentimita 30 hivi nyuma ya pini; ya nne imeshapita mita. Uzito ni ule ule, lakini msokoto unaoletwa na hiyo ya nne ni mara tatu hadi nne ya ule wa kwanza. Kumbatia debe la maji kifuani, halafu jaribu kulishika ukiwa umenyoosha mikono mbele. Maji hayajaongezeka hata tone. Msokoto wote huo unaishia kwenye bolti mbili tatu za chesisi na kwenye mishono ya kuchomelea, mahali ambapo mtengenezaji wa chuma alikuwa akiwaza trela. Ndiyo sababu nasema S haimalizi habari hata ukiwa chini yake. Soma pia kikomo cha keria yenyewe kwa kila baiskeli, na iliyo nzito zaidi ikae karibu na gari. Mara ngapi naona ya umeme imewekwa mwisho kwa sababu ndiyo iliyokuja kupakiwa mwisho!

Kutoka hapo utaelewa kwa nini kipande cha kurefusha soketi kinanitia homa. Wenye Prado na RAV4 za zamani wanakipenda kwa sababu tairi la akiba limekaa mlangoni na keria haipiti. Sawa, keria inapita sasa. Lakini umesogeza mzigo wote nyuma, na watengenezaji wengi wanakwambia kwa maandishi ukate uwezo kwa nusu ukikitumia. Maandishi hayo yako kwenye karatasi ambayo hutupwa pamoja na boksi. Na kiunganishi cha kugeuza soketi ya 1¼ kuwa ya 2 hakikupandishi daraja. Tundu limekua, chuma ni kile kile.

Halafu barabara. Vitabu vya keria nyingi vinadhania lami, na vingine vinakataza kabisa njia mbaya au vinapunguza idadi ya baiskeli. Sisi baiskeli tunazipeleka hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, na kabla hujafika umeshapita matuta yasiyochorwa na kipande cha vumbi chenye mawimbi. Ukiruka tuta, kwa sekunde ile chuma kinabeba maradufu ya uzito wa kwenye mizani, wakati mwingine zaidi. Mimi kwa safari ya vumbi nakata nusu: keria ya baiskeli nne ibebe mbili, tena kwenye nafasi za karibu na gari. Usiniulize nusu imetoka kwenye hesabu gani. Ni kipimo cha gereji, na nina wenzangu wanaokata theluthi moja tu na wateja wao wanarudi na baiskeli zote. Huenda mimi ni mwoga. Ila mshono unapoachia, hauachii ukiwa umeegesha.

Sasa tuje kwa vyuma vyetu vya jua kali, maana gari lililotoka Japani mara nyingi linakuja bila chuma cha trela na watu wanachomelea hapa. Sina dharau na mafundi hawa, wengine wananizidi mkono. Tatizo ni vipimo. Mkono wa keria ya Kimarekani ni inchi 2, yaani milimita 50.8. Bomba la mraba linalopatikana kirahisi ni la 60 kwa 60, unene 5: ndani linabaki 50, tena lina mshono wa kiwandani uliotokeza kwa ndani. Mkono hauingii. Fundi anachukua grainda, anausaga mkono wa keria uliyoilipia ushuru hadi uingie, rangi inaisha, na kutu inaanza kazi mvua ya kwanza. Au anachukua bomba la unene 4, ndani linakuwa 52, mkono unaingia vizuri mno na mteja anafurahi.

Hiyo milimita moja na kidogo ya nafasi ndiyo adui. Mkono umeshikwa kwa sentimita 20 hivi tu ndani ya soketi, kwa hiyo mchezo huo mdogo unakua karibu sentimita nzima kule kwenye baiskeli ya nne, na unauona kwenye kioo cha ndani zikitikisa vichwa. Kila shimo linaugonga mkono juu na chini kwenye ukuta wa soketi. Soketi halisi inatengenezwa kwa bomba la inchi 2½ nje na ukuta wa robo inchi. Agiza kipande hicho chenyewe, mpe fundi wako akichomelee kwenye chuma kinachoshika chesisi pande zote mbili, ubishi umekwisha. Na tundu la pini ni inchi 5/8, karibu milimita 16. Bolti ya 14 kutoka hadweya si pini.

Nikisema "kinachoshika chesisi" namaanisha ulale chini na tochi utazame. Mjini Nairobi vyuma vingi vimefungwa kwa sababu moja tu: matatu ikikugonga kwa nyuma, iumie yenyewe. Ni sababu nzuri, siipingi. Lakini chuma cha namna hiyo mara nyingi kimeshikwa na mabano ya bampa kwa bolti mbili za spana ya 17, gololi imepakwa rangi ya fedha, na hakijawahi kuvuta hata mkokoteni. Ukiona rangi imepasuka kwenye kona ya mshono na kutu nyekundu imetoka kwenye ufa, usifunge hata baiskeli ya mtoto.

Aina za keria nitazipitia haraka. Za kuning'iniza fremu ni nyepesi na rahisi bei, lakini baiskeli zinakwaruzana, fremu za bomba la chini zinahitaji fimbo ya ziada, na fremu ya kaboni mimi siikabidhi kwa keria hizo. Za kusimamisha zinazoshika matairi peke yake, kama Thule na Kuat wanazotengeneza, hazigusi fremu. Ni nzito na ghali, na kwa baiskeli mbili ndizo ninazopendekeza. Za kusimamisha baiskeli wima, zikishikwa kwenye uma wa mbele, zinaweka mzigo karibu zaidi na gari, jambo ninalolipenda, ila kuinua baiskeli ya kilo 25 hadi kimo cha kifua si kazi ya kila mtu.

Za Ulaya zinazobana gololi moja kwa moja zinataka gololi ya chuma ya milimita 50, safi kabisa. Ile grisi uliyoipaka kwa ajili ya trela ifute yote, la sivyo keria itajigeuza taratibu kwenye kona. Na kama gololi yako imefungwa kwa bolti kwenye bamba bapa, jaribu kabla ya kununua, maana kibano kinaweza kukosa nafasi.

Ile sifa ya keria "inayolala ili ufungue buti" inafaa Forester na X-Trail, ambazo mlango unapanda juu. Prado za zamani mlango unafunguka kwa ubavu, kwa hiyo keria ikilala ama isilale, mlango unaikuta pale pale. Unahitaji ile inayozunguka pembeni nzima, ambayo ni nzito zaidi, na tumerudi kwenye kibati.

Ekzosi isielekee kwenye tairi la baiskeli. Namba ya gari na taa za nyuma zionekane. Askari hana haja ya kujua keria yako ilitoka Uswidi. Baada ya kilomita chache za mwanzo simama ukaze tena kila kitu, kwa sababu mikanda hulegea baiskeli zikishakaa vizuri. Wa kwenda Naivasha simameni Limuru, kabla ya kuanza kuteremka.