Pampu ya umeme haiongezi nguvu ya gari

Hii imani ya kwamba ukitoa pampu ya mafuta ya zamani, ile inayoendeshwa na injini, kwa gari la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ukaweka ya umeme gari litakimbia zaidi, imekaa miaka mingi na si kweli. Injini inavuta mafuta kutoka kwa bakuli la kabureta, na bakuli likijaa boya linapanda, sindano inafunga mlango, basi, pampu haipitishi tone. Sindano yenyewe inahimili kama psi 4 hadi 6 tu (psi ni kipimo cha msukumo), ukiweka pampu ya injini ya EFI, ile inayopuliza mafuta kwa umeme bila kabureta, yenye psi 40 na zaidi, sindano inashindwa kuziba na petroli inamwagika juu ya injini yenye moto, hapo ndo naogopa sana.

Faida ipo lakini, gari lililolala wiki nzima linawaka haraka sababu bakuli linajaa kabla ya kupiga stata. Ifunge karibu na tangi, chini, maana inasukuma vizuri kuliko kuvuta. Na jamani wekeni rilei (swichi inayojiendesha kwa umeme) ya kuizima pampu pale injini inapozimika, ile ya zamani iliendeshwa na kemshafti, mhimili unaozunguka ndani ya injini, kwa hiyo ilisimama yenyewe, hii ya umeme itaendelea kusukuma petroli hata gari likipinduka.