Sindano tano sikioni: mwanafunzi wa akupancha hujifunza nini kwenye kliniki ya waraibu?

Akupancha, ile tiba ya sindano nyembamba yenye asili ya China, si ngeni kabisa kwetu. Madaktari wa China wamekuwa wakija kuhudumu Zanzibar tangu 1964. Kisichojulikana sana ni kwamba huko Marekani tiba hii iliingia mitaani kupitia kwa waraibu wa heroini, na mpaka leo baadhi ya vyuo vya akupancha huko huwapeleka wanafunzi wao kufanya mazoezi katika kliniki za jamii na vituo vya kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya. Hapa chini ni maswali ambayo mtu mwenye ndugu aliyenaswa na unga angeuliza, pamoja na majibu.

Sindano na unga vilikutanaje?

South Bronx, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Heroini ilikuwa imetapakaa mtaani, na hospitali ya eneo hilo, Lincoln, ilikuwa chakavu kiasi kwamba wenyeji waliiita "bucha". Julai 1970 vijana wa kundi la Young Lords, wengi wao wenye asili ya Puerto Rico, waliliteka jengo moja la hospitali kwa saa kadhaa wakidai huduma bora. Novemba mwaka huohuo wanaharakati walirudi, na hapo kikazaliwa kitengo cha kuwahudumia waraibu kilichojulikana kama Lincoln Detox.

Mwanzoni walitumia methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini. Kisha habari zikafika kutoka Hong Kong, ambako daktari wa upasuaji wa ubongo, H. L. Wen, alichapisha mwaka 1973 kwamba wagonjwa wake waliokuwa waraibu wa kasumba walipata nafuu ya arosto, yale mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, baada ya kuchomwa sindano zenye umeme kidogo. Wanaharakati wa Bronx wakaanza kujifunza. Mmoja wao alikuwa Mutulu Shakur, baba wa kambo wa mwanamuziki Tupac Shakur, ambaye baadaye alifungwa miaka mingi kwa mambo mengine kabisa. Mwaka 1978 serikali ya jiji iliwaondoa wanaharakati, lakini sindano zilibaki chini ya daktari wa magonjwa ya akili, Michael Smith. Mwaka 1985 Smith na wenzake wakaanzisha chama cha kufundisha njia hiyo, kinachojulikana kwa kifupi kama NADA.

Ninaieleza historia hii kwa urefu kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini mafunzo haya hutolewa kliniki, mbele ya wagonjwa, na kwa nini tangu mwanzo waliofundishwa hawakuwa madaktari peke yao. Walikuwemo waraibu waliopata nafuu.

Sindano huchomwa wapi?

Sikioni, kwenye sehemu ya nje. Pointi ni tano kila sikio: moja huitwa Shen Men, ya pili ni ya neva za simpathetiki, na tatu zilizobaki zimepewa majina ya figo, ini na mapafu. Hakuna dawa ndani ya sindano. Ni fupi, nyembamba sana, na inapoingia mtu huhisi kichomo kidogo kisha joto au uzito. Mgonjwa havui nguo wala halali kitandani. Anakaa kwenye kiti pamoja na wenzake, kwa dakika 30 hadi 45.

Mafunzo huchukua muda gani?

Kwa njia hii ya sindano tano, saa 70: 30 za darasani na 40 za kliniki. Mwanafunzi wa akupancha kamili hutumia miaka kadhaa chuoni. Kuna majimbo ya Marekani yanayomruhusu muuguzi au mshauri nasaha aliyefunzwa kuchoma hizo pointi tano tu, na mengine hayaruhusu mtu yeyote asiye na leseni ya akupancha.

Siku ya kliniki mwanafunzi anafanya nini hasa?

Anaanza na viti na mikono: viti vinapangwa, mikono inaoshwa, sindano mpya zinafunguliwa, kisanduku cha usalama kinawekwa karibu. Kisha wagonjwa wanaingia, na anagundua kwamba masikio ya kwenye mchoro wa darasani hayafanani na masikio ya watu. Kuna yenye makovu, yenye matundu ya hereni yaliyochanika, yenye vidonda ambavyo havipaswi kuguswa. Anauliza kila mtu kama amekula, maana mwenye njaa huzimia upesi. Anauliza kuhusu ujauzito na kuhusu dawa zinazozuia damu kuganda. Asiyetaka sindano huweza kubandikiwa mbegu ndogo sikioni kwa plasta, au akakaa tu na wenzake bila kufanyiwa lolote.

Halafu kuhesabu. Sindano zilizoingia lazima zilingane na zilizotoka. Sindano hudondoka zenyewe mgonjwa anapogeuka, na ile iliyojificha kwenye kola ya shati au chini ya kiti ndiyo itakayomchoma msafishaji jioni. Mwalimu mzuri haruhusu mtu yeyote aondoke chumbani kabla hesabu haijakamilika.

Kuna kinachofundishwa zaidi ya kuchoma?

Kipo, na kwa maoni yangu hicho ndicho sababu hasa ya kumtoa mwanafunzi chuoni na kumpeleka huko. Kuchoma pointi tano mtu hujifunza kwa siku chache. Kinachochukua muda ni kukaa kimya na mtu aliye kwenye arosto: anatetemeka, pua inamtoka kamasi, mifupa inamuuma, na hataki kuulizwa maisha yake. Katika njia hii mgonjwa halazimiki kusimulia chochote ili apate huduma. Mwanafunzi aliyezoea kuchukua historia ndefu ya ugonjwa huona ugumu mkubwa kunyamaza.

Anajifunza pia mipaka yake. Macho yenye mboni ndogo kama ncha ya sindano, midomo inayogeuka rangi na pumzi inayokawia ni dalili kwamba dawa imezidi mwilini. Hapo pointi za sikio hazina kazi. Anaita msaada, anatoa naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini mwilini, kama ipo, anamsaidia mgonjwa kupumua. Anajifunza kutunza siri, kwa sababu kutajwa tu kwamba fulani anahudhuria kliniki ile kunaweza kumgharimu kazi au watoto. Na anajifunza kutomwita mtu teja, hata akiwa peke yake na wanafunzi wenzake.

Suala la ridhaa nalo lina utata wake. Mahakama maalumu ya dawa za kulevya iliyoanzishwa Miami mwaka 1989 iliitumia akupancha kama sehemu ya matibabu ya washtakiwa. Mtu anayesema "ndiyo" huku hakimu akimsubiri, amekubali kwa kiasi gani? Mwanafunzi anatakiwa kuuliza tena, kila kikao.

Je, sindano hizi zinatibu uraibu?

Ushahidi ni dhaifu kuliko sifa zake. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti wa watu 82 waliokuwa kwenye methadoni huku wakitumia kokeini. Waliochomwa pointi sahihi walionekana kuacha kokeini zaidi ya waliochomwa pointi za bandia, yaani sehemu zisizo za tiba hii, au waliopewa mazoezi ya kutuliza mwili. Matumaini yakapanda. Mwaka 2002 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, wa watu 620, ukiwa na baadhi ya watafiti walewale, na safari hii tofauti haikuonekana.

Watetezi husema kwamba sindano kwenye pointi ya bandia nayo ni sindano, huenda ina athari yake, na kwamba wagonjwa wa utafiti ule hawakupata ushauri nasaha wa kutosha. Inawezekana. Lakini anayekwambia kwamba akupancha peke yake inamtoa mtu kwenye unga anakwambia kitu ambacho utafiti haujakithibitisha. Wanachosimulia wagonjwa wengi ni utulivu na usingizi. Hilo si dogo kwa mtu ambaye hajalala siku tatu, na kama linamfanya arudi kliniki kesho yake, lina thamani. Lichukuliwe kwa kiwango hicho.

Inaweza kuchukua nafasi ya methadoni?

Hapana. Methadoni ina ushahidi mzito wa kupunguza vifo na maambukizi ya VVU kwa waraibu wa heroini. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Akupancha inaweza kukaa pembeni yake kama nyongeza.

Sindano hizi haziambukizi VVU au homa ya ini?

Haziambukizi zikiwa mpya, za kutumika mara moja, zikifunguliwa mbele yako. Hatari kubwa zaidi inamkabili mwanafunzi mwenyewe. Ndiyo maana anapaswa kuchanjwa dhidi ya homa ya ini B kabla ya kuanza, na akijichoma kwa sindano iliyotumika aoshe kwa maji na sabuni, atoe taarifa papo hapo na aanze dawa za kinga ya VVU mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita.

Mdogo wangu ana arosto sasa hivi. Nimtafutie mtu wa kumchoma?

Kama ni heroini, mpeleke kwanza kliniki ya methadoni au hospitali. Huduma hiyo ni bure katika kliniki za serikali, Tanzania na Kenya. Kama anaacha pombe ghafla baada ya kunywa kila siku kwa muda mrefu, au vidonge vya usingizi kama Valium, usimfungie nyumbani: anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na hali hiyo huua. Ni dharura ya hospitali. Na akishakaa wiki chache bila heroini, ajue kwamba kipimo alichokuwa akikizoea zamani sasa kinaweza kumsimamisha pumzi. Mwambie hivyo waziwazi, hata kama ameapa kwamba hatarudi.