Namba ya moyo kwenye karatasi ya maabara: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mama mmoja anayeuza omena soko la Kibuye alifika dirishani petu Jumatatu asubuhi, karatasi ya majibu ameikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la leso. Aliifungua polepole. NT-proBNP, kipimo cha damu cha kuangalia kama moyo unashindwa kazi: 860. Pembeni mashine ilikuwa imechapa kiwango cha kawaida, chini ya 125. Hakuniuliza 860 ni nini. Aliniuliza, "Mwanangu, nimebakiza muda gani?"

Nimefanya kazi ya maabara hapa Kisumu miaka mingi, na swali hilo huniuma kila nikilisikia, kwa sababu anayeuliza amekesha na hukumu ambayo karatasi haikuitoa. Foleni hainipi nafasi ya kueleza yote dirishani, basi nayaandika hapa.

"Moyo kushindwa ni moyo kusimama"

Hofu nyingi huanzia hapa, kwenye jina lenyewe. Moyo ukishindwa, bado unapiga. Kinachopungua ni uwezo wake wa kujaa damu au kuisukuma kadiri mwili unavyohitaji, na maji yanaanza kubaki mapafuni na miguuni. Moyo kusimama ni jambo jingine kabisa, la dakika chache. Mshtuko wa moyo, yaani mshipa unaoulisha moyo kuziba, ni jambo la tatu. Wapo watu wengi wanaoishi miaka na moyo ulioshindwa, wanatumia dawa, wanalima, wanakwenda kanisani, wanalea wajukuu.

Na kipimo chenyewe kinapima nini? Kuta za moyo zikivutwa kupita kiasi, seli zake hutengeneza protini ambayo hukatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza, BNP, ndicho kinachofanya kazi: hulegeza mishipa ya damu na kuziambia figo zitoe chumvi na maji, ili mzigo upungue. Cha pili, NT-proBNP, hakina kazi inayojulikana, lakini hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi, kwa hiyo ni rahisi kukipima. Ukiona namba imepanda, unachokiona ni moyo unaojitetea. Mimi naliona hilo kuwa jambo la kutia moyo, na huwa nawaambia watu hivyo.

(Wanaosoma kwenye simu huja wakiwa na wasiwasi wa ubongo. Herufi B imetokana na neno la Kiingereza la ubongo kwa sababu watafiti wa Japani walioigundua mwaka 1988 waliitoa kwenye ubongo wa nguruwe. Baadaye ikajulikana kwamba kwa binadamu hutoka hasa moyoni. Jina likabaki.)

"Namba ikipanda, moyo umeshaharibika"

Namba inasema moyo unavutwa. Haisemi ni nani anayeuvuta. Figo zisizochuja vizuri huipandisha. Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huipandisha, na damu iliyoganda mapafuni vilevile. Hata umri peke yake huipandisha: mzee wa miaka 80 na kijana wa 30 hawawezi kusomwa kwa kipimo kimoja. Ndiyo maana hakuna daktari mwangalifu anayetangaza ugonjwa kwa karatasi hii tu. Hatua inayofuata ni eko, ile picha ya moyo inayoonyesha kuta, vali na nguvu ya kusukuma.

Na hapa ndipo ninapoipenda namba hii kuliko mahali pengine popote. Uingereza wameiweka iwe mpangaji wa foleni: mgonjwa wa nje anayeshukiwa kuwa na moyo ulioshindwa, akiwa na NT-proBNP zaidi ya 2000, aonwe na mtaalamu na kupigwa eko ndani ya wiki 2, kati ya 400 na 2000, ndani ya wiki 6, chini ya hapo, daktari aanze kutafuta sababu nyingine ya dalili. Huku kwetu mashine za eko ni chache na wanaojua kuzisoma ni wachache zaidi. Mtu hutoka Siaya au Busia alfajiri aje Russia, jinsi tunavyoiita hospitali ya Jaramogi, au apande gari hadi Eldoret. Kujua nani asisubiri ni jambo la uhai.

Mama wa omena alipigwa eko. Ukuta wa kushoto ulikuwa mnene, kama msuli wa mtu aliyebeba gunia miaka mingi, na gunia lenyewe lilikuwa presha. Pampu bado ilikuwa na nguvu. Daktari aliongeza dawa ya presha na ya kupunguza maji, akazungumza naye kuhusu chumvi.

"Namba yangu iko chini, kwa hiyo sina tatizo"

Kipimo hiki ni hodari zaidi katika kuondoa shaka: kwa mgonjwa wa nje, NT-proBNP chini ya 125 au BNP chini ya 35 hufanya moyo kushindwa kuwa jambo lisilotarajiwa sana. Lakini watu wanene huwa na namba ndogo kuliko moyo wao unavyostahili, na anayetumia dawa ipasavyo namba yake hushuka huku ugonjwa ukiwa bado upo. Kwa hiyo usiuache mwili wako nje ya hesabu. Kaa, ubonyeze muundi kwa kidole gumba, hesabu taratibu hadi kumi, uachie. Kishimo kikibaki, kama kwenye unga uliokandwa, mwambie daktari hata kama karatasi ni safi. Mwambie pia kama unalala na mito mitatu, au unaamka usiku kutafuta pumzi dirishani.

Miguu hiyohiyo iliyovimba ndiyo watu husema, "Amekanyagishwa dawa." Sitamdharau anayesema hivyo, ameona ndugu yake akivimba na hakuna aliyemweleza. Ninachoomba ni damu na eko zisisubiri mpaka mengine yote yashindikane, kwa sababu wanaoletwa mwishoni huletwa wamebebwa.

"Huo ni ugonjwa wa wazee wanaokula mafuta"

Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwamo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Sababu kubwa ilikuwa presha. Mishipa ya moyo iliyoziba ilichangia chini ya asilimia 8. Kuna pia vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, na akina mama ambao moyo wao hudhoofika karibu na kujifungua au miezi michache baadaye.

"Majibu hayafanani, maabara moja inadanganya"

Baba mmoja alikuja na karatasi mbili, moja ya Nakuru na moja ya kwetu, amekasirika. Nakuru: 95. Kwetu, siku nne baadaye: 410. Nilimwomba tusome pamoja mstari wa juu. Ya kwanza ilikuwa BNP, ya pili NT-proBNP. Ni vipimo viwili na havibadilishwi kimoja kwa kingine, hata kidogo. Ukianza na kimoja, endelea nacho, na ukiweza katika maabara ileile.

Mtu wa maabara ana sababu nyingine ya kuchagua NT-proBNP: BNP huharibika ndani ya saa chache ule mrija wa damu wenye kifuniko cha zambarau ukikaa nje ya baridi, na sampuli zetu nyingi husafiri. NT-proBNP huvumilia safari. Tena, kwa anayetumia sakubitrili na valsatani, dawa ya moyo kushindwa, BNP hupanda kwa kazi ya dawa yenyewe, kwa hiyo haifai kumfuatilia nayo. Na hapana, si lazima uje bila kula.

"Sina dalili yoyote, nitoe damu ya nini?"

Kwa mtu mzima mwenye afya, asiye na presha wala sukari, nakubaliana naye, na sipendi kuona mtu akiuziwa kipimo hiki kwenye kifurushi cha uchunguzi wa jumla. Kwa mwenye presha ya muda mrefu, sukari au figo dhaifu, sikubali. Moyo huanza kuvutwa miaka mingi kabla mtu hajahema kwenye ngazi.

Ayalandi walilijaribu hili kwenye utafiti wa STOP-HF uliotoka mwaka 2013. Waliwachukua watu 1,374 wa zaidi ya miaka 40 wenye hatari lakini wasio na moyo kushindwa. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida. Kundi lingine lilipimwa BNP, na aliyefikisha 50 alipelekwa eko na kufuatiliwa na mtaalamu pamoja na daktari wake. Baada ya miaka minne na ushei, moyo uliodhoofika au kushindwa ulionekana kwa asilimia 8.7 ya kundi la kwanza, na asilimia 5.3 ya la pili. Damu haikumtibu mtu. Iliwaonyesha madaktari pa kukazia macho. Mwaka 2022 chama cha wataalamu wa kisukari cha Marekani kikapendekeza wenye sukari wapimwe kiashiria hiki, au troponini ya kiwango nyeti (protini inayoonyesha msuli wa moyo umeumia), angalau mara moja kwa mwaka.

Mama wa omena alirudi baada ya miezi minne, namba yake ikiwa 390, na hakuja peke yake. Alikuwa na mdogo wake, mwenye sukari mwaka wa tisa sasa, anayebeba ndoo ya maji bila kuhema. "Huyu haumwi," akaniambia, "lakini mpime." Tukamtoa damu. 240. Wiki hiyohiyo kliniki ya sukari ikamwongezea empagliflozini, dawa inayosaidia sukari na kuukinga moyo, na jina lake limo kwenye orodha ya eko.