Pilipili haiunguzi kitu, na mengine tunayoamini Kigoma kuhusu ukali, ubaridi na moshi

Kaa kwa mama lishe yeyote pale Mwanga saa ya mchana, agiza mgebuka na ugali wa muhogo, pembeni uwekewe ile pilipili iliyokaangwa na mawese, halafu sikiliza watu wanavyoongea. Huyu pilipili imemuunguza ulimi, yule anakwambia inatoboa utumbo hiyo, mwingine anasema we kunywa maji itaisha. Maneno haya tumekua nayo na tunawapa watoto kama yalivyo, na kwa kweli mengi siyo, na mengine yanagusa afya zetu kabisa, ndo maana nataka tuyaangalie.

Tuanze na hilo la kuunguza. Ukila pilipili kichaa ulimi unabaki na joto lake lile lile, hakuna kilichopanda wala kilichobabuka. Kinachotokea ni kwamba kwenye ncha za neva zetu, iwe mdomoni, machoni au kwenye ngozi, kuna protini zimekaa kwenye utando wa seli zinaitwa chaneli za ayoni, na kila chaneli ni kama mlango wenye sababu zake za kufunguka. Ukifunguka, kalsiamu na sodiamu zinaingia ndani ya seli na neva inapeleka taarifa kwenye ubongo. Chaneli ya joto kali inaitwa TRPV1, yenyewe hufunguka joto likifika kama nyuzi 43, yaani pale mwili unapoanza kuwa hatarini. Sasa kemikali ya pilipili, kapsaisini, inaishika chaneli hiyo hiyo na kuifungua bila moto wowote. Ubongo ukipata taarifa hauulizi imetoka wapi, unajua tu kuna moto, basi jasho linatoka, uso unawaka, kamasi zinateremka. Kwa hiyo mtoto akilia kwa pilipili usimwambie anadeka, maumivu anayosikia ni ya kweli, ila hajaungua.

Hii ilijulikana mwaka 1997. David Julius na timu yake pale Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichukua vipande vingi sana vya DNA vya neva za maumivu, wakaviingiza kwenye seli ambazo kapsaisini haizifanyi chochote, wakatafuta ni kipande gani kitazifanya ziitikie. Kilipopatikana wakakuta protini yake inaitikia na joto pia, na mimi hapo ndipo ninapoipenda hii kazi, maana walitafuta pilipili wakakuta ndo namna mwili unavyojua moto. Mwaka 2002 Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwenye maabara yake, wakatumia mentoli, ile kemikali ya mnanaa inayoleta ubaridi, kuipata chaneli ya baridi, TRPM8. Mwaka 2021 wote wawili wakapewa Nobel ya tiba, Patapoutian pia kwa kazi yake ya namna tunavyohisi mguso.

Halafu lile la maji. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, ndo maana ukinywa maji ya baridi unapata nafuu kidogo yakiwa mdomoni (baridi inaituliza TRPV1) ukimeza tu inarudi pale pale. Maziwa yanasaidia kweli. Chai ya moto usijaribu, kwa sababu kapsaisini inaishusha ile nyuzi 43 mpaka joto la kawaida tu linakuwa moto, sembuse chai. Na dada zangu mnaokata pilipili nyingi mikono ikawaka usiku kucha, pakeni mafuta ya kula, hata mawese, sugueni vizuri halafu ndo mnawe kwa sabuni. Ikiingia jichoni hapana mafuta, osha kwa maji safi mengi.

Eti ukali uko kwenye mbegu? Hapana, uko kwenye ule utando mweupe ambao mbegu zimeshikilia, mbegu zinapakwa tu.

Hili la kuku naomba tulikalie kidogo maana vijijini tunapoteza kuku wengi. Mtu akiona kideri kimeingia anatwanga pilipili anawawekea kwenye maji, anaamini ule ukali unaunguza ugonjwa ndani. Kwanza kuku hausikii. Ndege wana TRPV1 na inahisi joto vizuri tu, lakini imeumbwa tofauti kidogo, kapsaisini haiwezi kuifungua, ndo maana unakuta kuku au ndege wa porini anadonoa pilipili kichaa mtini kama anakula mtama. Mmea wenyewe unafaidika, kwa sababu mbegu zinapita tumboni mwa ndege nzima nzima anaenda kuzidondosha mbali, wakati panya anazitafuna, na panya yeye anawashwa. Pili, kideri ni kirusi, hakina dawa, kina chanjo, ile ya kudondoshea jichoni, na inatakiwa kuku apate kabla hajaumwa na arudiwe kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo. Hela ya pilipili na muda wa kutwanga peleka huko.

Na vidonda vya tumbo jamani. Kila mtu mwenye vidonda anaambiwa ni pilipili zimemtoboa. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba chanzo kikubwa ni bakteria, Helicobacter pylori, wakapata Nobel 2005, na chanzo kingine kikubwa ni hizi dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ambazo watu wananunua dukani wanameza wiki nzima. Pilipili inaweza kukuletea kiungulia au kukuzidishia maumivu kama tayari una kidonda, kwa sababu neva zenye TRPV1 ziko mpaka tumboni na kule mwisho kabisa (ndo maana kesho yake chooni unaikumbuka), kwa hiyo ukiipunguza ni sawa, lakini ukiacha pilipili bila kupima bakteria unabaki na ugonjwa wako.

Mtu aliyezoea pilipili siyo kwamba ulimi wake umekufa. TRPV1 ikichokozwa mara kwa mara neva zinapunguza kuitikia, ukiacha muda unarudi ulipokuwa. Madaktari wanaitumia hiyo hiyo, kuna plasta yenye kapsaisini asilimia 8, Marekani iliruhusiwa 2009 kwa yale maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Hiyo inabandikwa na mtaalamu, tafadhali mtu asimpake bibi pilipili ya jikoni.

Mentoli nayo inasingiziwa mambo. Pipi kifua haipoozi koo na dawa ya kuchua ya mentoli haizibui pua, inafungua TRPM8, ambayo kwa kawaida hufunguka joto likishuka chini ya nyuzi 26 hivi, unasikia hewa ya baridi inapita unaona umezibuka, kumbe njia ya hewa ni ile ile. Kwa mtu mzima mwenye mafua hiyo nafuu haina shida. Kwa mtoto chini ya miaka miwili usimpake kifuani wala puani, na zile zenye kafuri weka juu asifikie, kafuri ikimezwa inaleta degedege.

Mama zetu wanaobanika samaki na kukaanga dagaa wanasema moshi ukishauzoea hauna neno. Macho kuwasha kwa moshi ni chaneli nyingine, TRPA1, ile ile inayoitikia haradali, kitunguu saumu kibichi na mabomu ya machozi. Kwenye moshi wa kuni na kwenye mafuta yaliyopitiliza moto kuna kemikali inaitwa akrolini, na hiyo inadhuru kweli mapafu, tofauti kabisa na kapsaisini ya kwenye kachumbari. Macho kuacha kuwasha haina maana kwamba mapafu yamepona. Mawese yakianza kutoa moshi toa sufuria, na jiko likae upande upepo unakoelekea, we ukae upepo unakotokea.

Kuna wanaoona bora hizi chaneli zingezimwa kabisa maumivu yaishe. Ilijaribiwa, kampuni za dawa zilitengeneza vidonge vya kuifunga TRPV1, na baadhi ya waliopewa walipanda homa, maana chaneli hiyo inashiriki kudhibiti joto la mwili, na wengine walipungukiwa uwezo wa kujua kwamba maji au kinywaji ni cha moto wa kuunguza.