Ile O ya OLED si ya kilimo hai

Juzi nilimsindikiza shangazi kubadilisha kioo cha simu, hapa Moshi mjini. Fundi kijana akamwekea viwili mezani. "Mama, chukua hiki cha OLED. Ni ogani hiki, hakina kemikali." Shangazi ana kihamba, na kahawa yake anaitia samadi tu, kwa hiyo neno hilo analijua na analiheshimu. Akalipa. Kioo ni kizuri, sina neno. Lakini maelezo yale nimeyasikia mara nyingi mno sasa, hata kwa watu waliosoma sayansi.

OLED ni diodi, yaani kijifaa cha umeme, inayotoa mwanga, iliyotengenezwa kwa molekuli za kaboni. Ile O ni ya neno la Kiingereza organic, yaani ogani, neno lile lile wanalolitumia kwa kilimo hai. Tabaka zake, zote kwa pamoja nyembamba mara mamia kuliko unywele, hukaa katikati ya vipitishio viwili vya umeme. Umeme ukipita, molekuli zinawaka zenyewe. Ndiyo maana nyeusi ya kioo hiki ni nyeusi kweli: palipo peusi, pamezimwa.

Sasa tuje kwenye lile neno. Kigiriki walisema organon, yaani kifaa cha kufanyia kazi. Humo ndimo lilimotoka jina la Kiingereza la kinanda cha kanisani, na jina la ogani za mwili, figo na ini, kwa kuwa ni vifaa vya mwili. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mswidi Jöns Jacob Berzelius aliita ogani kemia ya vitu vinavyotoka kwa viumbe, na wengi waliamini kwamba vitu hivyo haviwezi kuundwa pasipo uhai. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akatengeneza maabara urea, ile iliyomo kwenye mkojo. Akamwandikia mwalimu wake kwamba ameipata bila kuhitaji figo, iwe ya mtu au ya mbwa. Polepole imani ile ikafifia. Jina likabaki, maana ikahama: kwa mkemia, ogani ni molekuli zilizojengwa juu ya kaboni, kwa kawaida ikiwa imeshikana na hidrojeni.

Urea ile ile ndiyo iliyomo kwenye mifuko ya duka la pembejeo, ile ya kukuzia mpunga kule Mabogini. Kwa mkemia ni ogani, tena yenye historia kubwa. Kwenye kilimo hai ni marufuku. Halafu chukua magadi ya Ziwa Natron tunayotia kwenye makande: ni ya asili kabisa, kaboni imo, lakini mkemia hayaiti ogani. Maneno haya mawili yametoka nyumba moja, ila siku nyingi hayaishi pamoja. Hata la shambani halikuanza na "bila kemikali". Mwingereza Lord Northbourne, alipolitumia mwaka 1940, alikuwa anasema shamba zima ni kama mwili mmoja ambao viungo vyake vinategemeana.

Kinachoniuma ni kwamba "hakina kemikali" inafuta kazi ya wanakemia, wakati kioo hiki ni kemikali tupu, na uzuri wake wote umetokana na kubuni molekuli mpya. Mwaka 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walipata mwanga wa kijani kwa umeme usiofika volti 10. Molekuli yao iliyowaka ilikuwa na alumini katikati, ile ile ya sufuria. Taa za namna hiyo zilikuwa na hasara kubwa: kwa hesabu ya fizikia, kila molekuli nne zikishtuliwa na umeme, moja tu ndiyo hutoa mwanga, tatu zinaishia joto. Mwaka 1998 kundi la Stephen Forrest na Mark Thompson, Marekani, likaingiza molekuli zenye platinamu, baadaye iridiamu, na zile tatu nazo zikaanza kuwaka. Mwaka 2012 Chihaya Adachi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, wakafanya hivyo bila metali adimu, kwa molekuli zinazotumia joto la kawaida kurudisha zile tatu kwenye njia ya mwanga. Rangi ya bluu ndiyo iliyowasumbua kuliko zote, maana mwanga wake una nishati nyingi na huvunja molekuli zinazoutoa.

Tulipofika nyumbani nilimweleza shangazi haya, kwa ufupi. Akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, nimeibiwa?"

Hapana, shangazi. Kioo ulichopewa ni chenyewe. Yule kijana angesema tu "cha kaboni, kila nukta inawaka yenyewe", angekuwa amekuambia kweli tupu, na naamini ungekinunua vilevile.