Skauti bila skafu: ninavyompima kijana wa chuo kabla ya NFL

Mjomba wangu wa Tanga mpaka leo hajaielewa kazi yangu. Nikimpigia simu, baada ya shikamoo na marahaba, swali ni lile lile: "Hivi mjomba, mtu mzima na ndevu zako bado uko skauti?" Kwake skauti ni kijana mwenye skafu shingoni anayepanga watu mistari kwenye sherehe za Uhuru. Nilipomwambia kwamba mwaka mzima ninajiandaa kwa drafti, akacheka mpaka akakohoa. Drafti anayoijua yeye ni ile ya visoda, barazani, baada ya alasiri.

Basi mjomba, na wengine mnaoniuliza, kazi ni hii. NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani (American football), ina timu 32 na hakuna hata moja yenye kikosi cha vijana. Habari za akademi kama za klabu za Ulaya huku hazipo. Kijana anacheza sekondari, anaingia chuo kikuu, na ikishapita miaka mitatu tangu amalize sekondari anaruhusiwa kuingia kwenye drafti. Kila Aprili timu zinachagua kwa zamu, raundi 7, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ikitangulia. Wanaochaguliwa ni 250 na ushei. Waliobaki wanagombaniwa kwa simu usiku huohuo kwa bei ya chini. Mimi ni mmoja wa wale wanaozunguka vyuoni kuanzia Agosti, kuandika ripoti za nani anafaa na nani asubiri.

Watu wanadhani ninatafuta mchezaji mzuri. Wazuri wamejaa. Kijana akifika hatua ya mimi kutumwa kumtazama, kila mtu ameshajua kwamba anashinda. Ninachotakiwa kujua ni anashindaje, na kama hicho anachoshindia atakuwa nacho bado akikutana na watu wazima.

Sehemu ya jibu imejificha kwenye sheria, na hapa hata wapenzi wa mchezo wenyewe hupitiwa. Katikati ya uwanja kuna safu mbili za vistari vinavyoonyesha mpira uanzishwe wapi. Vyuoni safu hizo zimeachana futi 40. NFL ni futi 18 na inchi 6. Unaweza kuona ni jambo la rangi tu, lakini mpira wa chuo ukianzia safu ya kushoto, upande wa kulia unabaki shamba zima. Mpokeaji, yule anayekimbia kudaka mpira unaorushwa, akiwa na mbio anafunguliwa mle kama ndama asubuhi, na beki mmoja hawezi kuliziba lote. Jumapili kwenye NFL lile shamba limekatwa viwanja. Ndiyo maana mpokeaji wa chuo nikimwona yuko peke yake na mpira, kwanza natazama mpira ulianzia wapi. Akiwa upande mpana, namshukuru mchora mistari. Akiwa upande mwembamba, na beki yuko naye shati kwa shati, halafu bado akapata nafasi, hapo kalamu inatoka mfukoni.

Ziko nyingine. Chuoni ukidaka mpira pembeni, mguu mmoja ndani unatosha. NFL ni miguu miwili. Chuoni wale majitu wa safu ya mbele ya timu inayoshambulia wanaruhusiwa kusogea mpaka yadi 3 mbele kabla mpira haujarushwa. NFL ni yadi 1. Tofauti ya yadi 2 hiyo imezaa aina nzima ya mashambulizi, ambapo kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, anachelewa kuamua kama mpira unakwenda kwa mkimbiaji au unarushwa, na mlinzi wa kati anabaki ameganda kama kuku aliyemulikwa tochi. Kijana anaonekana anausoma ulinzi kama kitabu. Kumbe kitabu kimeshasomwa nusu na sheria.

Sasa twende chumbani. Nafika chuoni kabla jua halijachomoza, napewa chumba kidogo chenye skrini na rimoti, taa zinazimwa. Video tunayotumia siyo ile ya televisheni. Imepigwa kutoka juu, wachezaji wote 22 wanaonekana, na nyingine kutoka nyuma ya lango. Kwa kijana mmoja nachagua mechi tatu: dhidi ya mpinzani mgumu kuliko wote, moja ya ugenini, na moja ya mwisho wa msimu, mwili ukiwa umechoka. Mara ya kwanza siandiki kitu.

Chukua mkingaji wa kushoto, yule anayelinda mgongo wa kwotabeki anayetumia mkono wa kulia. Mpira ukianzishwa, mimi mpira siutazami kabisa. Natazama mguu wake wa kushoto. Ile hatua ya kwanza ya kurudi nyuma kwa upembeni: imetua kabla ya mvamizi, yule mpinzani anayemkimbilia kwotabeki amwangushe, kufika, au imechelewa? Narudisha. Makalio: yamekaa chini kama mtu anayetaka kuketi kwenye kigoda, au ameinama kiunoni kama anayeokota chungwa? Narudisha tena. Mikono: imetoka kwa wakati, viganja ndani kifuani kwa mpinzani, au imetoka mapema na kupigwa chini? Tendo zima ni sekunde tatu hivi, na naweza kulirudia mara nane. Lakini ninalolisubiri kwa hamu ni tendo atakaloshindwa. Mvamizi amempiga kifuani, anasukumwa nyuma, visigino vinachimba nyasi. Je, ana njia ya kushuka tena, kukaza mgongo na kusimama? Kijana ambaye hajawahi kushindwa kwenye mechi zote tatu ananipa shida, maana sijamwona akitafuta njia. Huyo nitamfuata mpaka Mobile, Alabama, kwenye Senior Bowl, mechi ya maonyesho ya wanachuo wanaomaliza, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, ambako mazoezini wanawekwa mmoja kwa mmoja na pa kujificha hapapo.

Baada ya video zinakuja namba, na namba ndizo zinazopendwa mitandaoni. Mwishoni mwa Februari vijana 300 na zaidi hualikwa Indianapolis kwenye Combine, yaani siku za vipimo mbele ya timu zote. Urefu wao unaandikwa kwa tarakimu nne: 6023 maana yake futi 6, inchi 2 na sehemu tatu kati ya nane za inchi. Mikono inapimwa, viganja vinapimwa. Wanakimbia yadi 40, yaani kama mita 36 na nusu, wanaruka, wanalala chali kunyanyua chuma cha pauni 225 mara wawezavyo. Rekodi ya yadi 40 pale ni ya Xavier Worthy, sekunde 4.21 mwaka 2024.

Mwaka 2018 alisimama pale Orlando Brown Jr., mkingaji kutoka Oklahoma, mtu wa futi 6 na inchi 8. Alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.85. Chuma alikinyanyua mara 14 tu. Aliyekuwa akitajwa kuwa wa raundi ya kwanza akaporomoka hadi chaguo la 83, timu ya Baltimore ikamwokota. Baadaye akaitwa kwenye kikosi cha nyota, Pro Bowl, mara nne, na akabeba Super Bowl, fainali ya ligi, akiwa na timu ya Kansas City. Ukiuliza anashindaje, jibu lilikuwa kwenye video tangu Oklahoma. Ana mikono mirefu mno na mwili mpana, na mvamizi analazimika kumzunguka kama anayezunguka nyumba. Kwa ushindi wa namna hiyo yadi 40 zinahusu nini? Mkingaji akikimbia yadi 40 mbele kwenye mechi, ujue kuna jambo limeharibika.

Mfano wa Tom Brady, kwotabeki anayehesabiwa miongoni mwa wakubwa wa mchezo huu, kila mtu huku anaujua: chaguo la 199 mwaka 2000, sekunde 5.28, na wanaoutaja wengi huutumia vibaya. Hauthibitishi kwamba namba ni upuuzi. Cornerback, beki anayemfuata mpokeaji, akiwa mzito wa miguu hakuna moyo utakaomwokoa. Mimi namba nazitumia hivi: zikipishana na nilichokiona, narudi kwenye video kuangalia nani kati yetu amedanganya. Cooper Kupp wa Eastern Washington, chuo ambacho wengi hawakijui kilipo, alikimbia kwa sekunde 4.62, mwendo wa kawaida kwa mpokeaji. Akachaguliwa wa 69 mwaka 2017. Mwaka 2021 alidaka mipira 145 kwa yadi 1,947. Alikuwa anashinda pale anapokata kona, na saa ya yadi 40 inapima mstari ulionyooka.

Nikiulizwa ni nani ninayemheshimu kuliko wote kwenye kazi hii, namtaja Bill Nunn. Alikuwa mwandishi wa gazeti la watu weusi, Pittsburgh Courier, na kila mwaka alikuwa akipanga orodha ya wachezaji bora wa vyuo vya watu weusi, vyuo ambavyo timu nyingi zilikuwa hazijisumbui kuvitembelea. Steelers, timu ya NFL ya Pittsburgh, wakamchukua mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika drafti ya mwaka 1974 timu hiyo ilipata Lynn Swann, Jack Lambert, John Stallworth na Mike Webster, wote wanne sasa wako kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huu. Donnie Shell, ambaye hakuna aliyemchagua, wakamsaini baadaye, naye yumo. Stallworth alitoka Alabama A&M. Inasimuliwa kwamba maskauti walimpima mbio kwenye nyasi zilizolowa, wakaandika namba mbaya, wakaondoka. Nunn akajifanya mgonjwa, akabaki, akampima tena pakavu. Nunn mwenyewe aliingizwa ukumbini mwaka 2021, miaka saba baada ya kufariki. Kila ninapoona uvivu wa safari umenishika, namkumbuka mzee huyo kwenye nyasi zilizolowa.

Na mimi nimekosea, tena vibaya. Miaka kadhaa nyuma nilimpa mvamizi mmoja wa chuo kidogo alama za raundi ya pili. Kijana alikuwa chuma. Alikuwa anawasukuma wakingaji kama mkokoteni usio na mzigo. Nikaandika ripoti ya kurasa mbili, nikaisimamia kikaoni mpaka sauti ikakauka. Timu nyingine ikamchukua kabla yetu, nikanuna. Misimu miwili baadaye hakuwa na kazi. Nikarudi kuzitazama zile video kwa aibu, safari hii nikihesabu: mara nyingi alizomwangusha kwotabeki, hakuwa amemshinda mtu. Alikuwa ameachwa wazi, au kwotabeki alikuwa ameng'ang'ania mpira mpaka ukamchosha. Na alipomshinda mtu, mtu mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka 19, naye ana 23. Niliona ushindi, sikuuliza umetoka wapi.

Suala la umri siku hizi limekuwa kubwa zaidi. Tangu mwaka 2021 wachezaji wanahama chuo kwa urahisi, na wanalipwa kwa matumizi ya majina yao. Waliokuwepo mwaka wa korona wa 2020 waliongezewa msimu. Kwa hiyo unaweza kukutana na mtu wa miaka 24 amepita vyuo vitatu. Simu nilizokuwa nikipiga sehemu moja sasa napiga sehemu tatu, na wa kumpigia siyo kocha mkuu. Kocha mkuu atakwambia kijana ni dhahabu, anataka jina la chuo lisomwe usiku wa drafti. Mimi nakwenda kwa kocha wa viungo, nakwenda kwa mtunza vifaa. Mzee mmoja anayefua jezi alinijibu huku akikunja taulo, hata hakunitazama: "Huyo taulo zake anazileta mwenyewe. Yule mwenzake nazifuata chini ya benchi." Nikaandika yote mawili.

Ndugu wa nyumbani huniuliza kama Mwafrika asiyeujua mchezo anaweza kuingia. Daniel Adongo, aliyekulia Nairobi akicheza raga, alisainiwa na timu ya Indianapolis mwaka 2013 bila kuwahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huu. Alipata mechi chache, hakudumu. Ezekiel Ansah wa Ghana aliingia kwenye timu ya chuo cha BYU mwaka 2010 akiwa mgeni kabisa, na mwaka 2013 akawa chaguo la 5 la drafti nzima. Sidhani mmoja alikuwa na mwili bora kuliko mwenzake. Ansah alipata misimu mitatu ya kukosea mbele ya watu waliokuwa na muda wa kumsubiri. NFL hakuna mwenye muda huo, na hata skauti mwenye huruma hawezi kuuandika kwenye ripoti.

Mjomba sasa amepata intaneti nzuri na anataka kutazama. Nimemwelekeza hivi. Msimu ukianza, mechi za kwanza za vyuo Jumamosi huanza saa moja jioni kwa saa za Tanga. Asiutazame mpira. Achague mkingaji wa kushoto wa timu yoyote, amtazame yeye tu kwa robo ya kwanza nzima, hasa ule mguu wa kushoto, kisha akaswali Isha na ale chakula chake. Arudi robo ya nne, amtazame mguu uleule, anipigie simu aniambie kama bado unatua kwa wakati.