Fairway Rock: mwamba usio na mtu, lakini wenye kazi

Katikati ya Mlango Bahari wa Bering, unaotenganisha Alaska (Marekani) na Urusi, upande wa Alaska, kuna mwamba uliosimama baharini kwa kimo cha mita 160 hivi, kuta zake wima. Hauna nyumba hata moja. Labda ndiyo maana unasemwa mengi yasiyo kweli.

"Beechey ndiye aliyeuvumbua." Hapana. Frederick Beechey, nahodha Mwingereza, aliupa jina mwaka 1826. Mwingereza mwenzake, baharia James Cook, alikwishauona mwaka 1778, na Wainupiati, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliujua tangu enzi za mababu zao. Hadi leo huufuata kwa mashua kuokota mayai ya ndege wa baharini wanaotaga kwenye nyufa zake. Kuuita ugunduzi wa Mzungu ni kuwanyima watu haki yao.

"Umo ndani ya Mstari wa Aktiki." Hapana. Uko takriban kilomita 100 kusini ya mstari huo unaozunguka eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, ingawa bahari hapo huganda wakati wa baridi.

"Mpaka wa Marekani na Urusi unapita hapo." Mpaka unapita kati ya visiwa viwili vya Diomede, kaskazini-magharibi yake.

"Jeshi liliweka kinu cha nyuklia." Hapa kuna chembe ya ukweli iliyotiwa chumvi. Kuanzia miaka ya 1960, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliweka hapo vifaa vya kupima hali ya bahari, vikitumia umeme wa strontiamu, madini yenye mnururisho. Hicho si kinu wala bomu: madini hayo hutoa joto atomi zake zinapovunjika zenyewe polepole, na joto hilo hugeuzwa umeme. Kwenye jabali lisilo na wa kubadilisha betri, ilikuwa njia ya kueleweka. Mitambo iliondolewa miaka ya 1990.

"Ni jiwe tu, halina faida." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Jina lenyewe maana yake ni mwamba wa njia ya meli: Beechey aliuona kuwa kiongozi mzuri wa kufikia mkondo wa mashariki, yaani njia ya meli iliyo kati ya mwamba na Alaska, ambao kwake ulikuwa mpana na bora kuliko mingine. Na kujua ulipo ni muhimu hapo: ukikaribia mno bara la Alaska kwenye Rasi ya Prince of Wales, kuna fungu refu la kina kifupi chini ya maji linaloelekea kaskazini.

"Sasa kuna setilaiti." Zipo, lakini baharia makini hategemei kifaa kimoja. Ukungu ukitanda na macho yakashindwa, jabali refu la namna hiyo, lenye maji pande zote, huonekana waziwazi kwenye rada. Nahodha hupima umbali na mwelekeo wake, akalinganisha na ramani, ndipo akajua kwa hakika alipo.